Kabla hujamlipa mtu wa video

Bajeti ya kamati ya harusi hapa Dar es Salaam ina mpangilio wake, na sijaona kamati iliyoukiuka. Juu kabisa ukumbi. Kisha chakula na vinywaji, ambavyo hujadiliwa hata vikao vitatu, watu wakipandishiana sauti juu ya idadi ya kreti. Kisha mapambo, MC, muziki, magari, keki. Huko chini, jirani na dharura, kuna mstari mmoja: "picha na video". Michango ikisuasua, mwenyekiti anaipitia karatasi kutoka chini kwenda juu, na kalamu inaanzia hapo. Hakosekani mjumbe wa kusema ana kijana wake Tabata, ana kamera nzuri tu, atatufanyia kwa nusu ya hiyo.

Kijana wa Tabata huenda ni fundi kweli. Ugomvi wangu ni na ule mstari wenyewe, unaozihesabu picha na video kuwa kazi moja. Mpiga picha akikosa anaweza kusema "hebu rudini pale mlangoni," na watu wanarudi, wanatabasamu tena, hakuna atakayejua. Mpiga video hana bahati hiyo. Baba mzazi hawezi kuombwa atoe nasaha upya kwa sababu maiki ilizimika. Tena hawa wawili siku hiyo wanagombania nafasi ileile, mbele ya maharusi, na kila mmoja anamwona mwenzake kama nguzo iliyojengwa vibaya. Kama hawatoki ofisi moja, wakutanishe mapema, hata kwa simu, wagawane pembe za kusimama. Nimeona video ya kiapo ambayo kiapo chenyewe kimezibwa na mgongo wa mpiga picha mwanzo mpaka mwisho. Suti yake ilikuwa nzuri.

Siku hizi watu wa video wanatafutwa Instagram, na ukikaa kuwatazama utaona wote wanafanana. Gauni limetundikwa dirishani kwenye chumba cha hoteli. Viatu. Chupa ya manukato. Bwana harusi anafunga saa yake taratibu kama mtu aliyeambiwa afunge taratibu. Halafu droni inapanda juu ya Daraja la Tanzanite jua likizama. Tangu daraja lile lifunguliwe mwaka 2022, nadhani limeolewa mara nyingi kuliko binti yeyote wa mji huu. Dakika tatu zimekwisha, umependezwa, na hujajua lolote kuhusu kazi ya huyo mtu. Kwenye siku ndefu ya harusi, yenye mapambo, kamera nzuri na watu waliovaa wakapendeza, kupata dakika tatu za kuvutia si kipimo cha ufundi.

Omba akuonyeshe harusi nzima. Usiombe ile anayojivunia zaidi. Omba ya karibuni, iliyofanyika usiku, kwenye ukumbi wa kawaida, yenye watu wengi. Wapo watakaokujibu kwamba hawawezi kusambaza kazi ya mteja, na jibu hilo ni la heshima, mimi hulipenda. Basi nenda ofisini kwake ukaitazame hapohapo. Peleka mbele mpaka kwenye utambulisho wa ndugu na nasaha za wazazi, sehemu ambazo hakuna anayeziweka kwenye trela, yaani zile dakika tatu za Instagram, kisha fumba macho usikilize. Ukisikia mwangwi wa ukumbi na vijiko vinagongana, na mzee anaongea kama yuko ndani ya pipa, umeshapata jibu lako, hata kama picha ni safi namna gani.

Waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 wanaikumbuka kanda ya harusi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo zilikuwepo nyumba zenye runinga na deki kabla hapajawa na stesheni ya kutazama. Kanda ya VHS iliyozoeleka, ile iliyoandikwa E-180, ilikuwa na dakika 180, na harusi nayo ikajinyoosha ikajaza saa tatu. Mgeni akifika anapewa soda, anapewa albamu, na kanda inawekwa. Zilikuwa video za kuchosha, tusidanganyane. Kijana alipita meza kwa meza na taa kali inayowaka juu ya kamera, na kila alipofika watu waliacha kutafuna wakakodoa macho. Lakini kila mtu alikuwemo. Shangazi wa Muheza alikuwemo, majirani walikuwemo, watoto waliolala kwenye viti walikuwemo.

Video za sasa zimeondoa uchovu ule, na watu wa mezani wameondoka nao. Ukizitazama unaweza kudhani harusi ni jambo la watu wawili waliokutana ufukweni jioni moja. Wakati watu hao wawili wameozwa na kamati ya watu thelathini, ukoo wa pande mbili, ofisi, jumuiya ya mtaani na kundi la WhatsApp lililokumbushana michango miezi minne. Mimi naona video ya harusi ni mali ya ukoo, na maharusi ni wawili kati ya wenye mali. Nikimtafuta mtu wa kuipiga, namtafuta anayeelewa hivyo.

Utamjua kwa maswali yake. Anayeanza kwa kuuliza rangi za mapambo na kama kutakuwa na "location" anafikiria trela. Anayeuliza ratiba, nani atamsindikiza bibi harusi, wazazi wote wapo hai, kuna mila gani pande zote mbili, huyo ameshafanya kazi na wazee. Kwenye harusi ya Wachaga ndafu ikiingia, mbuzi mzima aliyechomwa, amesimama na majani mdomoni, macho ya ukumbi yote yanamfuata yule mbuzi. Lakini kinachokuja kuulizwa nyumbani ni nani alikatiwa, kwa mpangilio gani, na nani alimlisha nani. Mpiga video asiyejua atakuletea dakika mbili za mbuzi na sekunde nne za wazee.

Kwa hiyo mpe mtu wa kumwonyesha. Si MC, maana MC ana kazi yake. Mpe binamu mmoja anayewajua watu wa pande zote, akae karibu naye: yule mwenye kilemba cha kijani ndiye bibi mzaa mama, yule aliyekaa nyuma kabisa ndiye mjomba aliyemlea. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi na inabadilisha video yote. Wakati wa zawadi, wanapoingia wakicheza makundi kwa makundi na khanga na majiko ya gesi vichwani, binamu huyo ana thamani kuliko kamera ya pili.

Narudi kwenye sauti, kwa sababu hapa ndipo pesa inapofanya kazi. Maiki iliyo juu ya kamera inasikia chumba. Mtu mmoja aliye mita nane mbele haimsikii vizuri. Fundi wa kweli ana maiki ndogo za kubana kwenye nguo, na ana rekoda anayoichomeka kwenye mikseri ya DJ ili sauti ya MC na ya wazazi iingie moja kwa moja bila kupitia kwenye spika na kurudi. Muulize swali moja tu: nasaha utazirekodi na nini? Akikuambia kamera yake ina maiki nzuri, endelea kutafuta.

Kanisani kuna paa refu na spika zinazoingiliana sauti, na makanisa ya zamani ya Posta, kama Mtakatifu Yosefu na Azania Front, yana barabara ya mjini nje ya mlango. Kiapo husemwa kwa sauti ya mtu anayetetemeka. Bila maiki kwenye koti la bwana harusi utapata midomo inayocheza. Na mpiga video aende akaonane na paroko au mchungaji kabla ya siku. Wengine hawataki mtu apande madhabahuni, wengine hawataki taa, na wana haki ya kusimamisha ibada wakamwambie mtu ashuke mbele ya waumini wote. Ikitokea, hilo nalo linaingia kwenye video.

Nikaha ni kazi ya aina nyingine kabisa. Mara nyingi bwana harusi yuko msikitini na wanaume, mkono wake mkononi mwa walii au sheikhe, na bibi harusi yuko nyumbani na wanawake. Tukio ni moja na liko sehemu mbili. Kabla ya hapo wanakwenda watu kumuuliza bibi harusi kama ameridhia, na jibu lake pengine ni neno moja la chini chini, shungi limeshuka usoni. Kamera moja haiwezi kuwa huku na kule, na mwanamume hawezi kuwa chumbani mle. Kwa hiyo unahitaji wawili, na mmoja wao awe mwanamke. Nayo maiki ibanwe chini ya joho la bwana harusi, kwa sababu "nimekubali" yake watu hutaka kuisikiliza mara nyingi, hasa mkewe.

Na tukishafika kwa wanawake, hapa ndipo mikataba ya video za harusi ina shimo kubwa. Zanzibar, Tanga, Mombasa na Lamu kuna shughuli za wanawake watupu. Kwa Mombasa na Lamu ni kupamba: bibi harusi anakaa jukwaani amepambwa, mabuibui yanavuliwa mlangoni, na ndani kuna nywele, mabega, dhahabu na hina ambazo mwanamume asiye maharimu hatakiwi kuziona. Simu zinazuiwa au zinakusanywa mlangoni, na kuna mama mmoja mkali anayeifanya kazi hiyo kwa furaha. Mpiga video ni mwanamke. Wote wanajua hivyo, wote wanaridhika, wanacheza.

Halafu Jumatatu memori kadi inapelekwa studio, na anayekaa kwenye kompyuta kuihariri ni mwanamume. Swali hilo watu hawaliulizi. Wanauliza nani atashika kamera. Hawaulizi nani atatazama saa zote zile picha kwa picha, akisimamisha na kurudisha nyuma. Ukiajiri mtu wa video kwa shughuli ya wanawake, uliza nani anahariri, kompyuta iko wapi, nani mwingine anaingia chumba hicho, na faili zikishakamilika zinabaki kwake au zinafutwa. Liandikwe. Na nakala itoke moja, mkononi kwa mtu mmoja anayejulikana, kwa kawaida mama wa bibi harusi, kwa sababu nakala kumi kwenye flashi kumi ni sawa na kuiweka YouTube. Wapo kina dada wanaofanya yote wenyewe, kupiga mpaka kuhariri, na wanatoza zaidi. Walipwe. Wanachouza ni kitu ambacho studio ya wanaume haina.

Ukiwa kwenye maandishi, ongeza kifungu cha mitandao. Watu wa video hupenda kuweka kazi zao kwenye kurasa zao, ndiyo matangazo yao, na siwalaumu. Lakini sura ya mgeni wako si mali yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Huhitaji kumpeleka mtu mahakamani. Andika tu kwamba hakuna kipande kitakachowekwa hadharani kabla maharusi hawajakiona na kukubali. Mwenye nia njema atasaini bila maneno mengi.

Mwanga nitaupita haraka. Kumbi zetu zimejaa taa za LED za bei rahisi, na umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera isiyopangwa kuendana nao hutoa michirizi inayopanda na kushuka, hasa kwenye vipande vya mwendo wa taratibu. Tazama kazi yake ya ukumbini, utaiona au hutaiona. Mwambie mpambaji pia: taa za zambarau zinazommulika bibi harusi usoni usiku kucha hazisafishiki kwenye kompyuta, watu wote watatoka na rangi ya biringanya.

Droni, kwa maoni yangu, ndiyo kitu cha kwanza cha kukata bajeti ikibana. Inahitaji kibali kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukiwa maeneo ya Magogoni ilipo Ikulu au karibu na uwanja wa ndege, mtu asiye na karatasi anakuletea matatizo kwenye siku yako. Kenya nako zina kanuni zake tangu mwaka 2020. Na ukishaipata, unaona paa la kanisa na magari. Pesa hiyo nunulia maiki mbili.

Mkataba wenyewe usiwe mrefu. Tarehe, saa ya kufika na ya kuondoka, kamera ngapi na watu wangapi, majina ya watakaokuja hasa, maana unaweza kumkodi fundi uliyemwona na siku hiyo akaja mdogo wake. Atakabidhi nini: trela, video ndefu, na nasaha zote bila kukatwa. Hili la mwisho mimi silegezi. Baba akiongea dakika kumi na mbili nataka zote kumi na mbili, hata aliposahau akarudia. Andikeni pia marekebisho ni mara ngapi, kwa faida ya fundi safari hii, kwa sababu familia zetu hazina breki: toa kile kipande shemeji alipoanguka, mrudishe mama mdogo hajaonekana vizuri, badilisheni wimbo. Wimbo nao, ukiweka Bongo Fleva inayovuma kisha ukapandisha YouTube, usishangae kukuta sauti imezimwa au video imezuiwa.

Malipo, usimalize yote kabla ya kupokea kazi. Advansi ya kushika tarehe, sehemu nyingine siku yenyewe, na kiasi cha kuuma kibaki. Desemba fundi mzuri ana harusi kila Jumamosi, pengine na sendofu Ijumaa, na kazi yako inaingia kwenye foleni. Aliyemaliza kulipwa huwa nyuma ya foleni.

Kisha uliza faili. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula takriban GB 45 kila saa. Kamera mbili zikirekodi saa nane bila kukatisha ni zaidi ya GB 700 kwa harusi moja. Ndiyo maana baada ya muda wanafuta. Hakuna studio ya kawaida itakayokuhifadhia hayo miaka na miaka, na hakuna ubaya. Nunua diski ya terabaiti moja, mpe siku ya harusi, na umwambie akuwekee picha ghafi zote humo. Kamera yenye nafasi mbili za kadi, inayoandika kotekote kwa wakati mmoja, ni jambo la kuuliza kabla hujakubaliana bei, maana kadi huharibika kama kitu kingine chochote.

Na kama nyumbani kuna zile kanda za E-180, zitoe kabatini sasa hivi. Joto na unyevu wa pwani vinazipa ukungu, na kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Baadhi ya watu wa video bado wana deki ya kuhamishia. Ulizia wakati mnapatana. Mara nyingi atakupunguzia.

Limebaki moja ambalo kamati hulisahau, na MC hulikumbuka wakati sufuria zimeshafunikwa. Watu wa video wanakula saa ngapi? Wamekuwepo tangu asubuhi saluni, wakaenda kanisani, wakaenda Tanzanite kwa droni mliyoing'ang'ania, na sasa ni saa nne usiku. Waandikieni sahani zao kwenye hesabu ya mpishi, wale wakati wageni wanakula, kwa sababu hakuna anayetaka kurekodiwa akitafuna. Wakisubiri mpaka wageni washibe, zawadi zitaanza, na shangazi zako wataingia wanacheza na majiko ya gesi vichwani wakati kamera iko mezani na mwenye kamera yuko jikoni anatafuta paja la kuku.